Mwalimu Wangu Alipopiga Vibaya

Somo langu la kwanza la tarumbeta lilikuwa kumwaga maji. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimesimama kwenye karakana ya reli hapa Kindu, na Papa Yuma alinikabidhi chombo kwa mikono miwili kama mtu anayempokeza mwenzake mtoto mchanga. Akanionyesha kitundu chini ya bomba, chenye kifuniko cha kizibo.

"Maji inatokea hapa," akasema. "Muntu hajajua kutoa maji, asipulize."

Nilidhani ananitania. Kwa wiki tatu sikupiga noti hata moja. Nilimwaga maji, nilifuta pistoni kwa kitambaa, nilirudisha kila kitu mahali pake. Watu husema yale maji ni mate. Si mate, ni pumzi iliyopoa ndani ya shaba. Nimelieleza jambo hili maisha yangu yote na bado sijampata wa kuniamini.

Ninyi vijana wa fanfari, bendi yetu ya vyombo vya kupuliza, mmeniomba niandike kazi ilivyokuwa, maana sasa nimestaafu na mnaona sina la kufanya. Haya, naandika. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo havikuwa vingi, na mishahara haichekeshi.

Nilivyofika karakana ilikuwa hivi. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na ndiye aliyeshona mavazi ya fanfari ya wafanyakazi wa reli. Siku moja alinituma kupeleka suruali. Nilipofika, Papa Yuma alikuwa anapiga solo ya polepole, macho ameyafumba, ovaroli yake imelowa mafuta ya injini mpaka magotini. Siku sita za juma alikuwa fundi wa injini. Siku ya saba alikuwa mpiga tarumbeta bora kutoka Kindu mpaka Kalima, pengine hata mbali zaidi, ila hatukuwa na namna ya kupima. Nilisimama pale na suruali zangu mkononi mpaka solo ikaisha. Ndipo nikaona wanaume wawili wamejibanza nyuma ya mlango, wamebaki na chupi tu, wananisubiri.

Jioni ile nikamwambia Baba nataka kujifunza. Baba hakuinua hata macho kutoka kwenye mshono.

"Mutoto mwanamuke na tarumbeta? Miye najua mupiga tarumbeta mumoja tu, malaika Israfili. Na siku ile akianza, hakuna muntu atafurahi."

Papa Yuma alipopata habari hii, alikuja mwenyewe dukani, amenawa mikono kwa sabuni na majivu.

"Baba Aziza," akasema, "kama njo vile, tuache mutoto atangulie kidogo, watu wazoee."

Baba akacheka. Mtu akicheka katikati ya mabishano ameshashindwa, na Baba alilijua hilo.

Papa Yuma alikuwa na sheria zake. Noti ndefu kwanza, kila asubuhi, kabla ya wimbo wowote: noti moja, pumzi moja, mpaka ukuta wa mbele yako uchoke. Pilipili marufuku siku ya kupiga, kwa sababu mdomo uliovimba haudanganyi mtu. Na kusoma. Karatasi za muziki za tarumbeta zilikuwa zimeliwa na panya zamani, zikabaki za klarineti na za bombardoni, lile tarumbeta nene la sauti ya chini, ambazo nadhani panya hawakuzipenda. Kwa hiyo nilijifunza kusoma muziki wa vyombo vingine na kuugeuza kichwani papo hapo, sauti juu au sauti chini, nikidhani watu wote duniani husoma hivyo.

Solo yangu ya kwanza mbele ya watu niliipigia hapo stesheni, siku ya kumuaga mkuu wa stesheni aliyehamishwa. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Nilipofika kwenye noti ya juu, ile niliyoiandaa kwa miezi miwili, injini ikapiga honi. Watu wakaziba masikio. Nilimaliza, nikaenda kwa Papa Yuma kutafuta kufarijiwa.

"Injini ilikuwa sawa," akasema. "Miye mwenyewe niliitengeneza. Weye njo ulikuwa chini."

Mnaotaka mwalimu wa kuwabembeleza, tafuteni mwingine. Mimi namkumbuka huyu.

Kisha vita ikaja. Treni ikaacha kuja, halafu boti nazo zikaacha. Mji ukawa kama chungu kilichofunikwa. Waliokuwa na silaha ndani ya mji waliogopa waliokuwa porini, waliokuwa porini waliogopa wa ndani, na sisi tuliwaogopa wote. Kwenda shambani kulikuwa ni ujasiri. Ngoma za fanfari zilichukuliwa siku moja na sijui zilipigwa wapi baadaye. Zilibaki tarumbeta mbili, ya Papa Yuma na yangu. Yangu Baba aliificha dukani, chini ya mabaki ya vitambaa.

Nilikuwa nimetimiza miaka ishirini na mmoja, na sikuthubutu kupiga kwa sauti. Nilichomoa ambushuri tu, kile kidude unachoweka mdomoni, nikafanya nacho mazoezi kila siku. Kinatoa mlio wa mbu mwenye mafua. Mafuta ya pistoni hayakuwepo mjini, kwa hiyo Baba alinipa ya cherehani yake, tone moja kila pistoni, akinung'unika kwamba cherehani nayo ina haki. Kizibo cha kitundu cha maji kilipooza nilikata kipya kutoka kwenye kandambili iliyokufa. Hicho kipande cha kandambili kilidumu miaka sita. Niliwahi kupiga nacho mbele ya mabalozi.

Asubuhi moja askari akaingia dukani. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nashona vifungo. Alimwambia Baba, bila hata salamu:

"Komanda amesikia kama uko na musichana wa tarumbeta. Anataka muntu wa kupigia bendera. Kesho asubuhi akuje na vitu vyake. Atakaa kambini."

Mguu wa Baba ulikuwa juu ya pedali ya cherehani. Niliuona kupitia chini ya pazia. Haukusogea mpaka askari alipoondoka, na hata baadaye haukusogea. Sote tulijua maana ya msichana kukaa kambini. Kulikuwa na wawili wa mtaa wetu waliokwenda kupika, na hawakuwa wamerudi.

Baba alivaa kofia yake akaenda kwa Papa Yuma, na saa ile ile wazee wawili hao wakaenda kambini. Yaliyosemwa huko nayajua kwa sababu Baba aliyarudia mpaka alipokufa, kila mara akiongeza chumvi kidogo, lakini sehemu hii haikubadilika kamwe. Papa Yuma alisimama mbele ya komanda akamwambia:

"Komanda, ule mutoto, miye njo nilimufundisha. Muntu anachota maji kwenye chemichemi. Hachote kwenye ndoo ya mwenzake."

Komanda akamtazama. "Uko muzee. Meno iko?"

"Iko yote, komanda. Hesabu."

Komanda hakuhesabu. Akasema vizuri, kesho asubuhi mzee aje. Akipiga vizuri, ataandaa kikundi kizima cha tarumbeta, na msichana naye ataingia.

Hapo ndipo mtego ulipokuwa. Akipiga vizuri, nachukuliwa. Akikataa kupiga, nachukuliwa. Na kama komanda angehisi anafanyiwa mchezo, basi Papa Yuma asingerudi nyumbani.

Alasiri ile nilimkuta Papa Yuma uani kwake, tarumbeta magotini. Nilianza kulia. Akaninyooshea kigoda.

"Kaa pale. Leo weye njo mwalimu. Nitapiga vibaya, na utaniambia kama inaaminika."

Mnaopiga chombo mtanielewa. Kupiga vibaya ni rahisi kwa asiyejua. Kwa anayejua, ni kama kumwambia fundi cherehani apindishe mshono: mkono wenyewe unakataa. Papa Yuma alipiga wito wa bendera mara ya kwanza, na noti zilianguka kama masufuria yaliyoteleza kichwani kwa mtu. Nikacheka katikati ya machozi.

"Ukicheka vile, komanda atajua namuchezea," akasema. "Nimekufa."

Akafikiri. Akasema kosa lake ni kuharibu kila kitu. Mzee anayeishiwa huanza vizuri. Ni mwisho unaomshinda. Akapiga tena. Noti tatu za kwanza zilitoka safi. Ya nne ikalegea kidogo, ya tano ikalegea zaidi, na alipoikaribia ile ya juu pumzi ikamwishia njiani. Akajaribu tena. Ikavunjika tena. Akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, kama mtu ambaye haelewi kimempata nini.

Sikucheka. Nilitazama chini.

"Unasikia haya kwa ajili yangu?" akaniuliza.

"Nasikia haya, Papa."

"Basi iko tayari."

Uwanja wa bendera ulikuwa kando ya soko, na duka la Baba lilielekeana nao. Nilitazama kupitia ufa wa dirisha. Asubuhi ya kwanza alipiga kama tulivyofanya mazoezi. Soko zima lilinyamaza, wanawake wakashika vichwa. Huyu alikuwa mtu aliyepiga kwenye harusi zao na misiba yao. Komanda akampiga begani kidogo, akamwambia midomo itapata moto, kesho itakuwa vizuri. Asubuhi ya pili mambo yakawa yale yale, na komanda akawa mvumilivu vile vile. Sikuwahi kuchukia uvumilivu wa mtu namna ile.

Asubuhi ya tatu soko likacheka.

Alianza mwanamke mmoja, halafu mstari mzima wa wauza sombe, yaani kisamvu, halafu wauza samaki. Papa Yuma alipoikosa noti ya juu, mtu alimwigiza kwa mdomo, puuu, na kicheko kikapita mpaka kwenye ngazi za bandari. Nyuma ya dirisha niling'ata khanga yangu kwa hasira. Kesho yake walicheka zaidi. Siku ya tano askari waliingia sokoni na fimbo. Mama Riziki, muuza sombe aliyekuwa akicheka kuliko wote, alipigwa mgongoni na kapu lake likakanyagwa mpaka majani yakawa tope. Siku ya sita alikuwa pale pale, na kapu jipya, anacheka. Nikaapa kwamba mwanamke yule hana moyo.

Siku ya tisa hata askari waliopanga mstari walishindwa. Niliona mabega ya mmoja yakitikisika, halafu ya jirani yake. Bendera ilipanda juu huku soko zima likipiga puuu. Komanda alimnyang'anya Papa Yuma tarumbeta, akaitupa chini, akalikanyaga domo pana la chombo mpaka likawa bapa kama sahani. Tulimsikia sote:

"Muzee, rudia kwako! Kama mwalimu njo huyu, mwanafunzi iko namna gani?"

Papa Yuma akaokota chombo chake, akapiga saluti, akaenda zake taratibu akiifuata reli kwa miguu. Hakuna aliyekuja tena kuniulizia. Kambini walipata filimbi.

Aliinyoosha tarumbeta ile kwa nyundo ya mbao, kifundi, siku nyingi, lakini shaba iliyopondwa haisahau. Ikabaki na sauti ya mtu anayesemea ndani ya ndoo. Vita ilipokwisha na treni ya kwanza ikaingia, watu wakiwa wamejaa juu ya paa na sisi tukilia kama wajinga, fanfari ilikusanyika tena. Nilimpa tarumbeta yangu apige. Akanirudishia.

"Piga weye. Miye nitasikiliza."

Hakupiga tena mbele ya watu. Nilijua kwa nini, au nilidhani najua. Nilidhani mji ulimvunja. Siku moja nikamwambia, "Papa, niache niwaambie watu ukweli." Akaniuliza kama nimeshamaliza noti ndefu. Sikuwa nimemaliza.

Ya baadaye mnayajua, kwa hiyo nitayapita haraka. Padri mmoja aliyenisikia kwenye misa ya harusi aliandikia orkestra moja ya Kinshasa, nao wakaniita. Siku ya kwanza kiongozi wa orkestra, ambaye wote walimwita Metre, alinipa karatasi iliyoandikwa kwa tarumbeta ya re, nami chombo changu ni cha si bemoli, kwa hiyo kila noti ilibidi igeuzwe. Alitaka kuniona nikihangaika. Viongozi wa orkestra wana starehe chache. Nilisoma mpaka mwisho bila kusita.

"Nani alikufundisha kugeuza hivi?"

"Panya, Metre."

Baada ya miaka miwili nilisimama mbele ya orkestra nzima kupiga konserto yangu ya kwanza, sehemu tatu, mwanamke wa Kindu na viatu vya kuazima. Ushauri wangu kwa solisti: tazama mlango wa nyuma wa ukumbi, usimtazame mtu. Na viatu viwe vyako.

Nilipiga Lubumbashi, nikisafiri kwa treni ya mizigo pamoja na mbuzi, ambao waliitikia noti za juu tu. Nilipiga Bujumbura na Kigali. Nilipiga Lokandu kwenye ukingo wa mto, wavuvi wakanisikiliza kwa heshima kubwa mpaka mwisho, kisha wakaniuliza kama najua kitu cha kuchezeka. Nilikuwa najua.

Papa Yuma alifariki nikiwa Kinshasa. Ndege ilichelewa, nikafika ameshazikwa. Nilipiga solo ya polepole kaburini, peke yangu na Baba, na Baba alisema Israfili atakuwa na msaidizi mzuri.

Kilichonistaafisha ni jino. La mbele, juu, upande wa kushoto. Lilianza kulegea mwaka jana, na tarumbeta husimama juu ya meno kama nyumba juu ya nguzo. Daktari alisema anaweza kuling'oa au kuliacha. Nilimwambia kwangu yote mawili ni kitu kimoja.

Mwezi uliopita mliniandalia sherehe ya kuniaga kwenye ukumbi wa parokia, na mlikuwepo, ila wengine mlikuwa nje mkila. Nilipiga kipande kifupi, cha noti za chini. Halafu, kwa kuwa Papa Yuma ameshakufa na komanda sijui yuko wapi, nikaamua kusema. Nilisimulia habari ya askari, ya kigoda uani, ya siku tisa. Nilisema kwamba mpiga tarumbeta mkubwa kuliko wote aliyepata kutokea mji huu alikubali kuchekwa na mji huu kwa ajili yangu, na akafa watu wakiamini kwamba aliishiwa. Nadhani nilitaka watu waone haya.

Kisha kutoka safu za nyuma, walikokaa kina mama wa soko, Mama Riziki akanyanyuka kwa fimbo yake. Ni mzee sana sasa.

"Aziza, mwanangu," akasema, "weye unafikiri sisi hatukujua?"

Akaegemea fimbo yake, akaendelea.

"Yule muntu alipiga kwa ndoa yangu. Alipiga kwa kilio ya bwana yangu. Nisijue pumzi yake? Siku ya kwanza tulimuonea huruma kweli. Siku ya pili, kisha bendera kupanda, akakuja kwenye meza yangu kama anataka sombe. Akasema, 'Mama, huruma yenu itanibakisha kule mwaka muzima. Nyinyi chekeni. Komanda anaweza kuvumilia muzee. Bendera yake kuchekwa hataweza.' Njo tukaanza."

"Na fimbo za askari?" nikauliza.

"Fimbo tulikula. Mutoto hakuenda kambini."

Nikamuuliza kwa nini hakuna aliyeniambia, miaka yote hii.

"Ye mwenyewe alikataza. Alisema uso wako hauna mulango, kila kitu inaonekana. Kisha vita ikaisha, na weye ulikuwa unatupita sokoni kama unapita shimo. Sombe yangu uliacha kununua. Muntu akuambie saa ngapi?"

Hilo la sombe lilikuwa kweli. Miaka zaidi ya ishirini, kila nilipokuwa Kindu, nilikuwa nikizunguka mpaka mwisho wa soko ili nisinunue kwake.

"Lakini yeye," nikasema, "hakupiga tena. Alivunjika."

Mama Riziki akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto asiyejua kuvaa viatu.

"Yuma avunjike? Kila asubuhi, ukiwa nyuma ya dirisha yako, alikuwa anapita kwetu kisha bendera, tarumbeta kwa kwapa, anasema pole pole: 'Wamama, leo mumecheka kidogo. Kesho muongeze.' Aliacha kupiga kwa sababu tarumbeta ilibaki moja, na alitaka ikuwe ya kwako."

Ukumbi mzima ukacheka, hata padri. Mimi nilikaa kwenye kiti changu, nikalia kwa muda mrefu, na hakuna aliyenibembeleza.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda sokoni moja kwa moja mpaka kwenye meza ya Mama Riziki, nikanunua mafungu manne ya sombe. Akaniongezea la tano, akaniambia nimechelewa.